Kapasita ya muziki wa gari si "betri ndogo"

Kapasita ni kifaa kinachotunza chaji ya umeme kwenye mabamba mawili yaliyotenganishwa na kihami, kisha kuiachia kwa haraka sana. Maana yake inaishia hapo. Kinachosumbua ni jina la "betri ndogo", na ile ahadi kwamba ukiifunga kwenye amplifaya (kikuza sauti) wati zinapanda. Hazipandi, na watu wanatoa pesa kwa kuamini hivyo.

Betri huzalisha umeme kwa kemikali. Kapasita hurudisha kile ilichopewa tu. Kapasita ya faradi 1 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kutunza chaji) kwenye volti 14.4 ina jouli 104 hivi za nishati. Volti zikishuka hadi 12 imetoa jouli 32, na amplifaya inayovuta wati 1,000 inazimaliza kwa sekunde 0.03. Betri ya ampea-saa 60 ina jouli zaidi ya milioni 2.5. Kwa hiyo kapasita inaokoa pigo fupi la ngoma. Besi ndefu ya sekunde mbili inaikuta imeshakauka, na hapo inageuka mzigo, kwa sababu alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) inalisha amplifaya huku ikiijaza na kapasita.

Mafundi wa zamani huiita kondensa, na hawakukosea. Mwaka 1782 Alessandro Volta alikiita kifaa cha namna hii "condensatore", akiona kwamba kinausongamanisha umeme mahali padogo. Kondensa ya platini (swichi ya kuwashia cheche) kwenye injini za zamani za petroli ni kapasita kamili. Ila kondensa ya AC, ile iliyo mbele ya rejeta, haihusiani nayo: kazi yake ni kupoza gesi mpaka iwe kimiminika. Ukisema "kondensa imekufa" kwenye gari, sema ipi. Faradi nayo imetokana na jina la Michael Faraday, na ilipitishwa kuwa kipimo kwenye mkutano wa Paris wa 1881. Ni kipimo kikubwa mno. Kapasita ya feni ya dari ina maikrofaradi chache tu, na faradi 1 ni maikrofaradi milioni moja.

Ukubwa huo ndio sababu kapasita ya gari haiungwi kwenye betri moja kwa moja ikiwa tupu. Ukifanya hivyo inavuta umeme wote kwa mpigo: cheche inakula uzi wa nati, fyuzi inakatika. Chomoa fyuzi kuu iliyo karibu na betri. Funga hasi kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, kisha chanya kwenye waya wa amplifaya, kwa umbali usiozidi sentimita 45 kutoka kwenye amplifaya. Ili ijae taratibu, mahali pa fyuzi weka risista (kipunguza mkondo wa umeme) ya omu 30, wati 10, au balbu ya volti 12. Balbu itawaka vizuri, itafifia taratibu, itazima; ikizima, rudisha fyuzi. Ukitumia risista, tazama saa: kapasita ya faradi 1 ya kweli hufika karibu volti 8 baada ya sekunde 30. Ikifika huko kwa sekunde 3, umeuziwa sehemu ya kumi ya kilichoandikwa. Kugeuza chanya na hasi ni hatari, maana kimiminika cha ndani huchemka na kopo linaweza kupasuka. Siku ya kuifungua, itoe chaji kwanza kwa balbu ileile.

Taa zikififia kila besi inapopiga, fundi akasema "tuongeze betri ndogo", mwombe kwa upole apime volti sehemu mbili muziki ukiwa juu: kwenye betri na kwenye amplifaya. Betri ikibaki 14 na amplifaya ikashuka hadi 12, waya ni mwembamba au hasi imefungwa vibaya. Zikishuka zote mbili, alteneta imezidiwa. Kapasita ni ya pale volti zinapocheza kidogo tu, kwa mapigo mafupi, na jina lake ni kapasita.