Masinga imejaa, mbona stima yapotea?

Juzi niko juu ya ngazi nabadilisha swichi kwa mama mmoja hapa Malindi, na swali ni lile lile, "Fundi, mvua yote hii, Masinga si imejaa, mbona stima yapotea?" Jamani, nimechoka na hili swali. Masinga ni bwawa la stima, likijaa maana yake kuna maji ya kuzungusha mashine huko mto Tana, basi, waya wa mtaani kwako ni habari nyingine. Na siku hizi mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria unatoa stima nyingi kushinda maji.

Kinachotumaliza sisi wa pwani ni chumvi. Upepo wa bahari unaileta kidogo kidogo, inashikana na vumbi kwenye vile vikombe vinavyoshika waya juu ya nguzo kiangazi chote, halafu ukija umande wa usiku ama manyunyu ile chumvi inalowa, stima inapata njia ya kupita pale juu, utasikia tssss, ukiangalia waona cheche za buluu zatembea kwenye kikombe, baadaye pu! mtaa mzima giza. Mvua kubwa inaviosha, manyunyu ndio mabaya. Ukisikia huo mlio ripoti hapo hapo, usingoje izime, na usisimame chini ya nguzo. Na makuti yakilalia waya usipande kukata mwenyewe, tafadhali, nimeshaona mtu akishushwa.

Wengine wanaona maji yanamwagika juu ya ukuta wa bwawa wanasema leo stima tele. Yale yamepita bure, ya stima yanapita ndani ya bomba hadi kwenye mashine.

Ati ziwa kubwa ndio stima nyingi? Masinga ndio kubwa kuliko yote pale Tana na inatoa megawati 40, Gitaru yenye kibwawa kidogo inatoa 225, manake huko maji yanaanguka kutoka juu zaidi.

Halafu kuna mzee wa Kipini, kule Tana inapoingia baharini, mkulima, anaamini maji yakishatolewa stima yanabaki makapi ndio shamba halizai. Mzee wangu, maji hayo hayo yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mara tano, na kila mashine inachukua ule msukumo tu. Kinachobaki nyuma ni tope, linatuama bwawani, na ndilo lilikuwa mbolea yenu mto ukifurika. Kwa hiyo shamba lako umeliona sawa, ni sababu tu ndio sio hiyo.