Mlio umeongezeka. Nguvu je?

Kijana mmoja aliniletea gari lake likiwa limefungwa filta ya hewa ya wazi, ile yenye umbo la pia, imekaa peupe pembeni ya injini. Akaniambia tangu aifunge gari linachanganya, yaani linashika kasi haraka, kuliko zamani. Sikubishana naye. Nilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukafunga boneti, tukaliacha gari linaunguruma palepale lilipo huku tukiangalia namba moja tu: joto la hewa inayoingia kwenye injini. Nje palikuwa na nyuzi 29. Baada ya dakika kumi namba ikasoma 58. Tukairudisha ea klina iliyotoka na gari kiwandani, yenye mrija wake unaovuta hewa kutoka nyuma ya taa ya mbele, tukarudia zoezi. Ikasoma 41.

Nyuzi 17 si kitu kidogo. Hewa ikipata joto hutanuka, na katika joto la kawaida kila nyuzi tatu zinazoongezeka huondoa takriban asilimia moja ya uzito wa hewa inayoenea kwenye nafasi ileile. Kwa hiyo filta yake mpya, gari likiwa limesimama, ilikuwa inainyima injini karibu asilimia tano ya hewa. Gari likishika kasi upepo unalipunguza hilo pengo, nakubali. Ila kwenye foleni na wakati wa kuondoka, alikuwa amelipia kupunguziwa nguvu.

Kwa nini basi alihisi limechanganya? Kwa sababu ea klina ya kiwandani ni sanduku lililotengenezwa lizibe mlio wa hewa inayovutwa. Ukilitoa, injini inaguna kila unapokanyaga mafuta, na sikio likishasikia mguno mwili mzima unaamini kwamba kasi imeongezeka. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado sikio langu hunidanganya, ndiyo maana siku hizi siliulizi.

Ukitaka kujua kama kifaa fulani kitaongeza nguvu, uliza swali moja: hewa zaidi itaingiaje kwenye silinda? Petroli huungua vizuri ikipata takriban uzito wa hewa 14.7 kwa uzito mmoja wa mafuta. Kuongeza mafuta ni kazi nyepesi, nozo inafunguka muda mrefu kidogo, basi. Shughuli yote iko kwenye hewa. Injini ya lita mbili isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, humeza karibu lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo moja, na filta ya karatasi ya kiwandani ikiwa safi imepimwa kuupitisha mzigo huo bila kuhema. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Marekani ilizijaribu filta zilizozibwa kwa makusudi. Kwenye magari ya kisasa ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichoumia ni uwezo wa kuchanganya, tena pale filta ilipozibwa sanasana. Kama filta iliyoziba ndiyo inayoleta shida, kuitoa filta safi na kuweka safi nyingine ya rangi nyekundu kutaongeza nini?

Upande wa eksozi kuna imani mbili zinazopingana na zote mbili hazina mashiko. Wa kwanza wanasema bomba likiwa pana zaidi nguvu inaongezeka. Wa pili wanasema injini inahitaji kizuizi nyuma ili ivute. Hakuna injini inayohitaji kizuizi. Inachohitaji ni moshi uondoke kwa mwendo, kwa sababu pumzi moja ikitoka kwa kasi huacha mvuto nyuma yake unaosaidia kuitoa inayofuata. Ukiweka bomba pana kupita kiasi kwenye injini ndogo, moshi unazubaa, na gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini, yaani palepale unapoliendesha kila siku. Kubadilisha sailensa peke yake kwenye injini isiyo na tabo huongeza nguvu kidogo mno, mara nyingi ndani ya kosa la mashine ya kupimia.

Kutoa masega, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi kilicho ndani ya bomba la eksozi, ni habari nyingine, na mimi siifanyi kazi hiyo. Sensa ya oksijeni ya pili iko pale ili ilinganishe moshi kabla na baada ya masega. Ikiona hakuna tofauti, taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu P0420 unajiandika kwenye kompyuta ya gari. Nchi nyingi sheria zinakataza. Na watakaovuta ule moshi ni walio nyuma yako.

Plagi za iridiamu hudumu muda mrefu, nguvu haziongezi kama za zamani zilikuwa nzima. Petroli ya okteni ya juu nayo haina moto zaidi, ila inastahimili mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Injini ambayo haikupangwa kuutumia ustahimilivu huo haitajua hata umeinunua.

Halafu kuna vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari, vinavyodai kusoma uendeshaji wako na kuongeza nguvu huku vikipunguza mafuta. Nilikipasua kimoja. Ndani mlikuwa na saketi ndogo ya kuwasha na kuzima taa tatu. Pini za mawasiliano na kompyuta ya gari hazikuunganishwa na kitu chochote. Kilikuwa kinakula umeme wa betri tu ili kimetemete. Jamii ya pili ni rezista inayoidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi, ili mafuta yaongezwe. Uongo huo hauishi muda mrefu, sensa ya oksijeni inagundua mafuta yamezidi na kompyuta inayapunguza. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepitia vifaa zaidi ya 100 vya kudai kuokoa mafuta bila kupata hata kimoja chenye faida kubwa.

Kuna pia kisanduku cha pedeli ya mafuta. Hiki kinafanya kazi kweli, ila si kazi unayoifikiria: ukikanyaga robo, kinaiambia kompyuta umekanyaga nusu. Gari linaruka, unafurahi. Ukikanyaga hadi mwisho, nguvu ni ileile uliyonunua nayo gari.

Sasa tabo. Hapa nabadilisha sauti, maana hapa nguvu ipo. Alfred Büchi wa Uswisi aliliombea wazo hili hataza mwaka 1905: moshi unaotupwa uzungushe feni, feni isukume hewa ndani. Kwenye injini yenye tabo kutoka kiwandani, kiasi cha hewa kinachosukumwa kinaamuliwa na programu. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi anaweza kubadilisha programu hiyo na kupata asilimia 20, wakati mwingine 30, bila kufungua hata bolti moja. Ukifanya hivyohivyo kwenye injini isiyo na tabo utapata asilimia chache tu, kwa sababu programu haiwezi kubuni hewa ambayo haipo.

Lakini asilimia zile hazikusahauliwa na mhandisi. Ziliachwa makusudi, kwa ajili ya mafuta mabovu, jua kali, mlima mrefu, na mwenye gari asiyekumbuka sevisi. Hilo nililijifunza kwa mfuko wangu. Miaka ya mwanzo nilirekebisha injini ndogo ya tabo, nikausogeza muda wa cheche mbele hadi ukingoni, nikaipima nguvu kwenye mashine ya rola zinazozungushwa na magurudumu, ikiwa na petroli nzuri. Ilitoa grafu tamu kweli. Wiki chache baadaye mwenyewe akajaza petroli ya okteni ya chini, akapanda nayo mlima akiwa amepakia watu. Injini iligonga, yaani mafuta yalijiwasha yenyewe ndani ya silinda, mpaka pistoni ya tatu ikameguka pale kwenye kingo kati ya ringi na ringi. Kipande kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Bado ninacho kwenye droo. Oveholi niliilipia mimi, na tangu siku hiyo simpi mtu zaidi ya kile ambacho mafuta mabaya anayoweza kukutana nayo yatakihimili.

Na hata ukiiheshimu injini, kumbuka klachi na gia boksi hazikushirikishwa kwenye makubaliano. Klachi ndiyo huwa ya kwanza kulalamika.

Kuhusu grafu za nguvu: usikubali ya "baada" bila ya "kabla", kwenye rola zilezile, siku ileile, gia ileile. Fundi mjanja anaweza kupima mara ya kwanza injini ikiwa imechemka, akaipumzisha nusu saa na feni mbele, akapima tena, na hospawa kadhaa zikatokea bila kugusa chochote. Mimi hupima mara tatu mfululizo. Zikipishana zaidi ya faida inayodaiwa, hakuna faida.

Turudi kwa yule kijana. Nilipolipandisha gari lake kwenye jeki, gurudumu la nyuma kushoto halikutaka kuzunguka kwa mkono, na diski yake ilikuwa ya moto usioshikika. Breki ilikuwa imeng'ang'ania, sijui kwa miezi mingapi. Tukaisafisha, tukabadilisha plagi mbili zilizochakaa, ea klina ya kiwandani tukaiacha mahali pake. Aliporudi kutoka kulijaribu alikuwa anacheka peke yake. Kisha akaniuliza, kwa aibu kidogo, kama ile filta ya pia anaweza kuifunga tena wikendi, kwa ajili ya mlio tu.