Begi la kamera: ya muuzaji na ya mgongo

Juu ya kabati langu la nguo limelala begi la kamera la lita 35. Lina mifuko kumi na mmoja, mikanda ambayo mingine mpaka leo sijui kazi yake, na nafasi ya kulaza laptopu kubwa. Nimelibeba mara sita. Ninalotoka nalo kila siku ni dogo, limepauka kwenye pembe, na ndani mna bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi mbili, betri mbili za akiba na sweta. Haya yasemwayo dukani, ninayoyakanusha hapa moja moja, niliwahi kuyaamini karibu yote, na mengine niliyalipia.

"Chukua kubwa, nafasi haiozi"

Haiozi, ila hujazwa. Ukipewa chumba cha lenzi ya nne utabeba lenzi ya nne, hata kama siku nzima utapiga picha kwa ile ile moja. Tufanye hesabu. Bodi ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha picha kikubwa kama filamu ya zamani, na betri yake ni kama gramu 700. Lenzi ya milimita 24–70 yenye f/2.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga, ni gramu 700 hadi 900. Ile ndefu ya 70–200 yenye f/2.8 ni kilo moja hadi moja na nusu. Laptopu ya inchi 14, kilo moja na nusu hivi. Maji lita moja, kilo moja. Halafu begi lenyewe: la lita 30, lenye sponji na vigawanyo, mara nyingi hukaribia kilo mbili likiwa tupu. Umeshafika kilo saba, na hujaweka chaja wala shati la kubadilisha.

Kabla ya kwenda kununua, tandaza kitandani vitu ulivyovitumia katika matembezi yako matatu ya mwisho. Ulivyovitumia, si ulivyovibeba. Rundo hilo ndilo kipimo chako. Kwa wengi litaenea kwenye lita 15 hadi 20 kwa siku ya kawaida, na lita 25 hadi 30 kwa safari ya siku chache. Lita zenyewe zitazame kwa shaka kidogo, maana watengenezaji wengine huhesabu hata mifuko ya nje, na sponji nayo hula nafasi ya ndani. Lita 20 za begi la kamera hazimezi vitu vinavyomezwa na lita 20 za begi la shule. Nenda na vifaa vyako, uvipange humo humo dukani.

"Sponji ikiwa nene, kamera iko salama"

Sponji nene hupunguza mgongano, hilo sikatai. Lakini kifaa huumia zaidi kikiachwa kicheze: lenzi inayogongana na lenzi mwenzake kila hatua, au bodi inayoning'inizwa na lenzi nzito isiyoegemea kitu, mpaka kipachiko, pale lenzi inapofungwa kwenye bodi, kikabeba uzito wote. Vigawanyo visogeze mpaka kila kitu kikae kwa kubana kidogo. Begi jembamba lililopangwa hivyo linalinda kuliko nene lenye vitu vinavyoelea.

Lenzi yangu ya milimita 50 haikuvunjwa na sponji. Ilivunjwa na zipu. Nilikuwa nimebadilisha lenzi, nikasema nitafunga baadaye kidogo, kisha nikanyanyua begi kwa mpini wa juu. Mlango wake ukaachama, lenzi ikatoka taratibu, kama iliyoamua kuondoka, ikagonga vigae na kubingirika mpaka uvunguni mwa meza. Nilipoitoa, kioo cha mbele kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Tangu siku hiyo, mkono ukitoka ndani ya begi, zipu hufungwa, hata kama narudi humo baada ya sekunde kumi.

"Hili haliingii maji"

Muulize muuzaji: kitambaa au begi? Kitambaa chenye utando wa plastiki upande wa ndani kweli huzuia maji, lakini sindano imekitoboa mamia ya mara kwenye mishono, na zipu ya kawaida ni safu mbili za meno zenye upenyo katikati. Begi linalostahimili manyunyu ni jambo moja, na lisilopitisha maji kabisa ni jingine. Kifuniko cha mvua kinachochomolewa chini ya begi kinasaidia sana, ila hufunika mbele na ubavuni tu. Upande wa mgongo unabaki wazi, na maji yanayotiririka kutoka shingoni yanapitia hapo hapo.

Jaribio langu ni la kienyeji. Jaza begi magazeti makavu, lining'inize chini ya bomba la mvua bafuni kwa dakika tano, kisha fungua uone gazeti limelowa wapi. Utajua kona ya kutoiweka kamera.

Mvua yenyewe mtu huiona na kukimbia. Adui wa kimya ni unyevu unaobaki. Begi lililonyeshewa, likafungwa likiwa bichi na kusukumwa kabatini wiki tatu, lina giza, unyevu na hewa isiyotembea, na fangasi wa lenzi hawahitaji zaidi ya hapo. Mulika lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma: ukiona nyuzi nyembamba zimetawanyika kama utando wa buibui ndani ya kioo, ndio hao. Vile vifuko vya chembe za silika husaidia, lakini vikishashiba unyevu ni mapambo tu mpaka uvikaushe tena. Zile zenye rangi hubadilika kukuonyesha. Dawa rahisi kuliko zote ni kutoa kila kitu na kuacha begi wazi usiku kucha.

"Angalia namba ya kitambaa"

Ile D kwenye 500D au 1680D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Inakueleza unene wa uzi. Haikuambii uzi ni wa nini wala umefumwaje. Tena begi huanza kufa kwenye zipu na pale kamba ya bega inaposhonwa juu ya mgongo. Vuta hapo kwa nguvu, muuzaji akununie akitaka.

"Lina mkanda wa kiunoni, hutausikia uzito"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekwambia hutausikia amelishika likiwa tupu. Mkanda mwembamba wa utepe kazi yake ni kuzuia begi lisiyumbe, basi. Wa kuhamisha uzito kutoka mabegani ni ule mpana wenye sponji, unaokaa juu ya mifupa ya nyonga, kwenye begi lenye mgongo mgumu na urefu unaolingana na kiwiliwili chako. Mtu mfupi akivaa begi la mtu mrefu, mkanda unaangukia mapajani.

Kwa hiyo lipime likiwa na mzigo. Weka vitu vizito karibu na mgongo, kaza kamba, tembea dakika kumi. Tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, ukiifunga ubavuni, weka chupa ya maji ubavu wa pili, la sivyo jioni bega moja litakudai.

"Limeandikwa linakubalika ndani ya ndege"

Limeandikwa na aliyelishona, na mwenye ndege hakuulizwa. Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Sentimita 55 × 40 × 20 ni kipimo kinachokutwa sana, mashirika mengine yanaongeza au kupunguza, na mengi huweka kikomo cha kilo 7. Rudi kwenye hesabu ya juu uone kilo hizo zinavyoisha. Begi hupimwa likiwa limejaa, pamoja na mfuko wa mbele uliotuna.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii wakati wa kununua ni lile la mlangoni, mhudumu anaposema kabati za juu zimejaa na begi lako linashushwa kwenye mizigo. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenda huko. Lazima zikae nawe, moja moja, ncha zake zisigusane na chuma. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati inayobebwa na betri) kwa betri, na kuanzia 100 hadi 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Ya kamera haikaribii huko: volti 7.2 mara ampea-saa 2.28 ni kama wati-saa 16. Hata pawabenki ya mAh 20,000, yaani ampea-saa 20, yenye seli za volti 3.7 ni wati-saa 74. Shida ni kuzichimbua chini ya nguo huku foleni ikikusubiri. Kwa hiyo betri zote ziwe kwenye kifuko kimoja, mfuko wa juu.

Hapo ndipo ninapopenda begi ambalo kisanduku chake cha kamera kinachomoka chote. Begi likishushwa, unatoka na kisanduku mkononi. Ukifika, unakiacha chumbani na begi linabaki la sokoni. Kisanduku hicho hicho kinaingia kwenye begi la kawaida ulilonalo tayari, kwa hiyo ile imani kwamba lazima ununue begi lililoandikwa "kamera" nayo inaanguka. Wengi hawakuhitaji begi jipya, walihitaji kisanduku tu.

"Hili ni la kuzuia wezi"

Kufuli ndogo kwenye zipu humchelewesha mwizi, haimzuii. Nembo kubwa ya kampuni ya kamera mgongoni inamwita. Kinachosaidia kweli ni begi linalofunguka upande unaogusa mgongo wako, maana hakuna atakayeingiza mkono hapo ukiwa umelivaa.

Lakini mlango huo una gharama yake, nayo hutaisikia dukani: kila picha ni lazima uvue begi, utafute pa kulilaza, ufungue. Ukifanya hivyo mara tano, ya sita unasema acha ipite. Lile langu la lita 35 linafunguka hivyo. Hili dogo lina mlango wa ubavuni. Natoa mkono mmoja kwenye kamba, begi linazunguka hadi tumboni, navuta zipu, kamera iko kiganjani. Nimelihesabu: sekunde sita. Kwenye msongamano nalivaa kifuani.