Kindi mwekundu wa Iyumbu, na vumbi lililonidanganya

"Kaka wa kamera, njoo! Yule mnyama wako leo kavaa nyekundu."

Aliyeniita ni mama mwenye genge ng'ambo ya barabara hapa Iyumbu, Dodoma, Agosti mwaka jana, nami nikatoka mbio na kandambili za bafuni. Juu ya mgunga uliokwishapukutika alikuwepo kindi mwekundu kweli, mwekundu kama tofali, kuanzia tumboni hadi mashavuni. Kazi yangu ni kuchunguza wanyama wadogo, na kindi wa namna ile sikuwahi kumwona Dodoma. Nikapiga picha zaidi ya 60. Jioni nilipozikuza kwenye kompyuta nikaona kucha nazo nyekundu. Sharubu pia. Pale pale nikakumbuka kwamba nyumba ya tatu kutoka kwangu walikuwa wanachimba msingi, na kifusi cha udongo mwekundu kilikuwa kimelundikwa chini ya mti uleule.

Tangu hapo kila anayeniletea picha ya "kindi wa ajabu" namuuliza kwanza kuhusu vumbi. Kiangazi chetu kinaanza Mei na kwenda hadi Novemba, upepo hautulii, na mnyama anayeshuka ardhini kutafuta mbegu hupakwa rangi ya mtaa anaoishi. Mvua za Desemba zikishanyesha, wekundu wote unaoshwa.

Jambo la pili ni kumfahamu yule wa kawaida. Kindi tunayeishi naye huku, ambaye wengine humwita kidiri au kuchakuro, kitaalamu ni Paraxerus ochraceus. Hilo jina la pili linatokana na rangi ya udongo wa manjano iliyofifia, lakini usitegemee wote wafanane. Wapo wenye umanjano, wapo waliokaribia kijivu, na tumbo lina rangi iliyofifia kuliko mgongo. Tena ukimshika mmoja, kama mimi ninavyolazimika wakati mwingine, utaona unywele mmoja una mikanda ya rangi nyeusi na ya njano ikipokezana. Kwa hiyo akilowa mvua manyoya yanagandamana na anaonekana mweusi. Akikauka juani, kwa nusu saa tu, mweusi wako ameyeyuka.

Rangi isiyo ya kawaida ya kweli inatoka ndani. Melanini, yaani rangi ambayo mwili wenyewe hutengeneza, iko ya aina mbili, moja ya weusi na hudhurungi, nyingine ya wekundu na manjano, na jeni ndizo zinazoamua ipi itengenezwe na kwa kiasi gani. Mfano uliochunguzwa sana ni wa kindi wa kijivu wa Marekani, Sciurus carolinensis. Weusi wao unatokana na jeni iitwayo MC1R kupungukiwa na herufi 24 za DNA, basi mwili ukafuata njia ya weusi moja kwa moja. Huo ndio melanizimu. Kwa weupe, watu huchanganya mambo mawili. Mji wa Olney, jimbo la Illinois, una kindi weupe wenye ualbino: melanini hakuna kabisa, na macho ni mekundu kwa sababu unaona damu iliyo ndani. Weupe wa Brevard, North Carolina, wana macho meusi, maana rangi imekosekana kwenye manyoya tu. Hiyo huitwa lusizimu, na inaweza kugusa kipande kidogo cha mwili.

Ndiyo maana picha ya jicho ina thamani kuliko picha ya mkia uliopinda vizuri. Na usitumie fleshi! Fleshi humfanya hata kindi mzima wa afya awe na jicho jekundu, kisha unatangaza ualbino usiokuwepo.

Kamera nayo ina uongo wake. Kindi mweupe mdogo mbele ya gome jeusi la mkwaju: kamera inapima lile gome, inaona giza, inaongeza mwanga, na mnyama anatoka kama tone la chokaa lisilo na unywele hata mmoja. Mimi hushusha kipimo cha mwanga kidogo, kati ya theluthi mbili za stop na stop moja kamili. Lakini akijaza fremu yote, mambo yanageuka, kamera inamfanya wa kijivu na itakubidi upandishe. Mweusi ni kinyume chake. Kasi ya shata sishuki chini ya 1/1000 ya sekunde, maana kindi hatulii. Napiga picha ghafi (RAW), zile ambazo kamera haijazichakata, na kabla sijaondoka napiga karatasi nyeupe iliyowekwa kwenye mwanga uleule, ili baadaye nijue weupe halisi ulikuwaje. Saa kumi na mbili na nusu jioni Dodoma nzima ni dhahabu, hata mbuzi wa kijivu anakuwa wa thamani. Mimi nachagua saa mbili asubuhi, na kiangazi, kwa kuwa miti haina majani ya kumficha.

Sasa nina mmoja ninayemfuatilia, mwenye ncha nyeupe mkiani. Nimekwisha kumpiga picha kabla na baada ya mvua, na weupe haukuoshwa. Hata hivyo sijamwita wa lusizimu. Pale jeraha linapopona, mara nyingi nywele huota nyeupe kwa sababu chembe zinazotengeneza rangi zimekufa, na mkia ndiyo sehemu paka na kindi wenzake wanayoshika kwanza. Ninahitaji picha ya karibu ya ngozi ya ncha ile. Mti anaolala sitautaja, vijana wa mtaani kwetu wana manati na shabaha nzuri kuliko ya lenzi yangu.

Juzi alipita juu ya ukuta wa jirani, hatua tano kutoka niliposimama, mkia juu kama anayenisalimia. Betri ilikuwa ndani inachaji.