Pikapu Inatingika na Kumaliza Mafuta? Skrubu ya Kabureta Iguswe Mwisho

Pikapu ya zamani inayoteremsha viazi kutoka Molo au kusambaza mboga soko la Kibuye, Kisumu, huanza kusumbua kwa njia mbili kwa pamoja. Ukisimama kwenye foleni injini inatingika kana kwamba itazima, na petroli iliyozoea kufika Jumamosi inaishia Alhamisi. Fundi akifungua boneti, mkono wake wa kwanza huenda kwenye skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Moja anailegeza ili mafuta yaongezeke, nyingine anaikaza ili injini izunguke kwa kasi. Gari linatulia, unalipa, unaondoka. Ugonjwa umefunikwa tu kwa petroli, na petroli hiyo utainunua kila siku.

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari hapa Nakuru huwaomba wenye Datsun 1200, Peugeot 504 na Hilux za kabureta wajiulize swali moja kwanza: mtingiko huisha ukikanyaga mafuta?

Ukiisha, shuku hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Injini isiyokanyagwa huvuta hewa kidogo sana, hivyo ufa mdogo tu huvuruga mchanganyiko. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya ufa haisikiki tena. Kagua gasketi (kizibo bapa cha kuzuia uvujaji) iliyo chini ya kabureta, mipira midogo ya hewa iliyokauka kwa joto, na mpira mnene unaokwenda kwenye buusta ya breki, ile inayousaidia mguu wako kubana breki. Huo wa buusta ubane kwa koleo, gari likiwa limesimama. Mlio ukitulia, buusta au mpira wake unavuja, na hapo tatizo si mafuta pekee, ni breki. Kwenye gasketi nyunyiza maji ya sabuni kidogo, mbali na nyaya za plagi, usikilize mlio ukibadilika. Wapo wanaonyunyiza petroli kwenye injini ya moto. Usikubali.

Kama gari linamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, hata ukiwa mwendoni, geukia plagi. Zitoe zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe sana ni dalili ya mafuta machache au joto jingi, na iliyolowa oili inatoka kwenye silinda inayovujisha oili. Moja ikiwa tofauti na wenzake, tatizo ni la silinda hiyo: plagi, waya wake au vali.

Zikiwa nyeusi zote kwa masizi makavu, injini nzima inalishwa kupita kiasi. Hapo angalia filta ya hewa, maana vumbi la murram huiziba upesi, na choki, kile kifuniko kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi, kama inafunguka kikamilifu. Kisha uliza thamostati iko wapi, ile vali inayozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi hapa kwetu huing'oa wakiamini kwamba Afrika ni joto, haihitajiki. Asubuhi ya Mau Summit haijui habari hiyo. Bila thamostati injini huchelewa sana kupata joto lake, choki inayojiendesha kwa joto hubaki imefungwa kiasi, na kwenye pikapu zisizo na kabureta, zinazonyunyiziwa petroli kwa sindano za umeme, kompyuta huendelea kumwaga mafuta ikidhani injini ndiyo kwanza imewashwa. Kuirudisha ni kazi ndogo, na mimi ningeifanya kabla ya kununua kabureta nyingine ya mtumba.

Mwinuko nao una sehemu yake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130, na Timboroa ni zaidi ya 2,700. Kabureta haijui imepanda. Hewa inapokuwa nyepesi, mafuta yanazidi. Kwa hiyo irekebishiwe pale gari linapofanyia kazi. Kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda, pia hushuka: injini yenye afya inayoonyesha psi 170 Mombasa inaweza kuonyesha karibu 140 hapa Nakuru bila ubovu wowote. Ukiambiwa ringi za pistoni zimekwisha kwa sababu namba haifiki ile ya kitabu, uliza silinda zinatofautianaje. Zikikaribiana na kushuka kukiwa kwa kiasi hicho tu, weka pesa zako mfukoni.

Ikiwa injini imetulia kabisa lakini mafuta yanaisha, toka kwenye boneti uende kwenye magurudumu. Baada ya safari sogeza kiganja karibu na kila rimu. Iliyo moto kuliko nyingine ina breki inayobana. Pima upepo wa tairi pia. Matumizi yenyewe yapime kwa kujaza tangi hadi juu, kuendesha, kisha kujaza tena kwenye pampu ileile: kilomita 240 kwa lita 30 ni kilomita 8 kwa lita.

Hayo yakikamilika, sasa skrubu. Injini iwe na joto lake na filta ya hewa iwe mahali pake. Ifunge ile ya mchanganyiko polepole mpaka injini ianze kulegea, kisha ifungue mpaka izunguke vizuri zaidi. Ukiifunga yote na injini isijali, mafuta yanapita mlango mwingine: boya linalopima petroli ndani ya kabureta limekaa juu mno, sindano yake ya kuifungia petroli imelika, au skrubu ya mwendo imekazwa kupita kiasi.