Uhakiki wa matini: kwa nini mwanafunzi wa Biblia husoma Kiebrania na Kiyunani

Uhakiki wa matini ni kazi ya kulinganisha nakala za andiko moja la kale pale zinapotofautiana, na kuamua kwa hoja ni maneno yapi yalitangulia na yapi yaliingia baadaye. Kwa anayesoma shahada ya uzamili katika masomo ya Biblia, hapa ndipo Kiebrania na Kiyunani alivyovitolea jasho katika shahada ya kwanza vinapoanza kuzaa matunda.

Wengi hudhani lugha hizi husomwa ili mhubiri apate kusema mimbarani, "Kwa Kiyunani neno hili maana yake ni hivi." Hilo lipo, na wakati mwingine linafaa, lakini si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba hakuna hata kitabu kimoja cha Biblia ambacho nakala yake ya kwanza kabisa imetufikia. Tulicho nacho ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa mkono karne baada ya karne. Hati za Agano Jipya kwa Kiyunani peke yake zilizoorodheshwa zinazidi 5,000, nazo hazilingani neno kwa neno. Tofauti nyingi ni za tahajia, au ni "Yesu Kristo" hapa na "Kristo Yesu" pale. Chache zinagusa maana. Anayesoma tafsiri anasoma uamuzi ambao wengine wamekwisha kumfanyia, na akitaka kuupima uamuzi huo hana budi azijue lugha zenyewe.

Chukua toleo la Agano Jipya la Kiyunani liitwalo Nestle-Aland, lililoanzishwa na Eberhard Nestle mwaka 1898 na kufikia chapa ya 28 mwaka 2012. Juu ya ukurasa kuna matini yenyewe. Chini, kwa maandishi madogo, kuna tanbihi zilizojaa alama: herufi ya kwanza ya Kiebrania kwa Kodeksi ya Sinai (kodeksi ni kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono), B kwa Kodeksi ya Vatikani, P yenye namba kwa hati za mafunjo, tarakimu kwa hati za baadaye. Mwanafunzi wa uzamili asiyeweza kuzisoma tanbihi hizo anausoma ukurasa nusu.

Kwa Kiebrania mambo yako tofauti kidogo, na tofauti hii huwachanganya wanafunzi. Wahariri wa Kiyunani huchagua kutoka hati mbalimbali, mstari kwa mstari, na matokeo yake ni matini ambayo hayapo nzima katika hati yoyote moja. Biblia Hebraica Stuttgartensia, toleo la Kiebrania linalotumika sana vyuoni, huchapa hati moja jinsi ilivyo, yaani Kodeksi ya Leningrad, iliyokamilishwa Cairo karibu mwaka 1008 na ambayo sasa imehifadhiwa St. Petersburg. Mashaka yote ya wahariri yamewekwa chini. Kwa hiyo msomaji wa Agano la Kale ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuamua.

Mfano ambao msomaji wa Kiswahili anaweza kuuona kwa macho yake ni Warumi 5:1. Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inasema "na mwe na amani kwa Mungu". Habari Njema inasema kwamba tunayo amani na Mungu. Ya kwanza inahimiza, ya pili inatangaza. Sijui ni ibada ngapi za nyumbani zimekwama hapo, mmoja akisoma hii na mwenzake ile, wakadhani mfasiri mmoja amezembea.

Hakuna aliyezembea. Kinachozitenganisha ni irabu moja ya Kiyunani. Neno hilo likiandikwa kwa omikroni, o fupi, ni "tunayo"; likiandikwa kwa omega, o ndefu, ni "na tuwe nayo". (Hiyo "mwe" ni ya wafasiri wetu, Kiyunani hapo kinasema "sisi".) Katika usemi wa kila siku wa zama hizo, sauti hizo mbili zilikuwa zinaelekea kuwa moja. Na barua yenyewe ilisemwa kwa mdomo, maana katika 16:22 mwandishi anajitaja: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu." Paulo anatamka, Tertio anaandika anachosikia, na baada yake wanakili kwa mamia wanarudia.

Kodeksi za Sinai na Vatikani, zote za karne ya 4, ziliandikwa kwanza kwa omega, kisha wasahihishaji wakageuza kuwa omikroni. Ukienda kwa ukongwe wa hati, Union Version ina miguu ya kusimamia. Lakini Paulo katika sura hii hahimizi, anaeleza yaliyokwisha kutendeka, na katika 5:11 anasema tumekwisha kuupokea upatanisho. Wahariri wa Nestle-Aland wamechagua omikroni kwa sababu hiyo, nami nadhani wamefanya sawa. Mwanafunzi anayechagua omega naye hajakosea, mradi alete hoja.

Upande wa Kiebrania, mfano ninaoupenda kuliko yote ni Zaburi ya 145. Imetungwa kwa kufuata abjadi: kila ubeti unaanza kwa herufi inayofuata, kama washairi wetu wa pwani walivyotunga kwa alifu, bee, tee. Kiebrania kina herufi 22, zaburi ina mistari 21. Mstari wa 13 unaanza kwa mem, wa 14 kwa samekh. Nuni, inayopaswa kukaa katikati, haipo.

Pengo hilo liliwasumbua watu tangu zamani. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Rabi Yohanani anaeleza kwamba Daudi aliiacha nuni kwa kuwa ndiyo inayoanza neno la Amosi 5:2 kuhusu kuanguka kwa Israeli. Lakini Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kiyunani, ilikuwa na mstari wa ziada mahali hapohapo, na Biblia ya Kisiria vilevile. Je, wafasiri hao walikuwa na Kiebrania kilichokamilika, au waliziba pengo wenyewe?

Mwaka 1956 gombo la Zaburi lilipatikana katika pango la 11 la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Lilipofunguliwa mwaka 1961, mstari wa nuni ulikuwemo, kwa Kiebrania: ne'eman Elohim bidvarav, vehasid bekhol ma'asav. Mungu ni mwaminifu katika maneno yake, na mwenye fadhili katika kazi zake zote. Gombo hilo ni kongwe kuliko Kodeksi ya Leningrad kwa karibu miaka 1,000.

Mtu angesema kesi imekwisha. Haijaisha. Nusu ya pili ya mstari huo inafanana na nusu ya pili ya mstari wa 17, kwa hiyo yawezekana mnakili mwenye nia njema aliona pengo akalijaza kwa maneno ya jirani. Tena mstari unatumia Elohim, wakati zaburi hii kwa kawaida humtaja Mungu kwa jina lake la herufi nne, ambalo Union Version huliandika BWANA. Na Zaburi ya 34, nayo ya abjadi, haina ubeti wa herufi vav, kwa hiyo pengo peke yake si ushahidi kwamba kitu kimepotea. Union Version inatoka 13 kwenda 14 bila kitu kati; tafsiri nyingi mpya zimeuweka mstari, mara nyingi kwa mabano au tanbihi. Mimi naegemea kwamba ni wa asili, kwa sababu mashahidi watatu wa lugha tatu wanauweka mahali pamoja, ingawa hoja ya mstari wa 17 inanizuia kuapa.

Kutokana na kesi kama hizi ndipo wanafunzi huelewa kanuni, wala si kwa kuzikariri. Hati hupimwa, hazihesabiwi tu: nakala 1,000 zilizotoka kwa hati moja ni shahidi mmoja. Usomaji mgumu mara nyingi ndio wa asili, kwa kuwa mnakili hurahisisha, hafanyi kuwa vigumu kwa makusudi. Marko 1:2 inasema "katika nabii Isaya" halafu inaanza na maneno ya Malaki. Hati nyingi za baadaye zimelainisha kuwa "katika manabii", na ni rahisi kuona kwa nini mtu abadilishe la kwanza kuwa la pili, vigumu kuona kinyume chake. Kuna pia makosa ya jicho. Dalethi na reshi za Kiebrania zinafanana mno, ndiyo maana watu wale wale ni Dodanimu katika Mwanzo 10:4 na Rodanimu katika Kiebrania cha 1 Mambo ya Nyakati 1:7.

Ili kufika hapo, sarufi ya mwaka mmoja haitoshi. Mwanafunzi anatakiwa asome kurasa nzima za Kiebrania bila kamusi kila mstari, aizoee Septuaginta, aguse Kiaramu na pengine Kisiria, na mara nyingi ajifunze kusoma Kijerumani, kwani sehemu kubwa ya utafiti huu umeandikwa kwa lugha hiyo. Ningemshauri anayeanza asiahirishe kusoma kwa sauti. Makosa mengi ya wanakili yalikuwa ya sikio, na sikio lisilofunzwa haliyasikii.

Kazi yenyewe bado inaendelea. Toleo jipya la Biblia ya Kiebrania lilianza kutoka kitabu kwa kitabu mwaka 2004, na huko Münster, Ujerumani, Agano Jipya linapitiwa upya hati kwa hati. Chapa ya 28 ya Nestle-Aland ilibadili matini katika nyaraka kuanzia Yakobo hadi Yuda. Badiliko moja liko katika Yuda mstari wa 5. Union Version inasema ni "Bwana" aliyewaokoa watu katika nchi ya Misri. Kodeksi ya Vatikani na ile ya Aleksandria zinasema ni Yesu, na chapa ya 28 sasa inazifuata. Wafasiri watakaoandaa Biblia ijayo ya Kiswahili watalazimika kuamua ni jina gani liende juu ya ukurasa na lipi lishuke kwenye tanbihi.