Je, kupanga wagombea kwa nambari kunampa mtu kura mbili?

Hoja hii husikika hata Kibuye, Kisumu: ukiwapanga wagombea 1, 2, 3, basi aliyempenda anayeshindwa mapema hupiga kura mara mbili, wengine mara moja. Ni wasiwasi unaoeleweka, kwa sababu mgombea wake wa kwanza akiondolewa, karatasi yake kweli huhamia chaguo lake la pili.

Tuchukue chama cha watu 100 kinachochagua samaki wa sherehe. Mbuta apata 40, ngege 35, omena 25. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo omena aondolewa. Kati ya wale 25, 20 waliandika ngege nafasi ya pili, 5 mbuta. Sasa ngege ana 55, mbuta 45. Jumlisha: bado ni 100. Waliochagua mbuta nao wamehesabiwa tena katika duru ya pili. Ni vile tu samaki wao bado yumo. Kwa utaratibu wa kawaida mbuta angeshinda, ingawa 60 walitaka mwingine. (Ndivyo gavana wa Kenya anavyochaguliwa: Kifungu cha 180 cha Katiba chatosheka na kura nyingi kuliko wengine.)

Australia huchagua wabunge kwa njia hii tangu 1918. Huko mpiga kura hutakiwa kupanga wagombea wote. Pale isipolazimu, anayempa nambari mgombea mmoja tu karatasi yake huweza kuwekwa kando mgombea huyo akiondolewa, na "nusu" ikawa ya zilizobaki. Hilo ndilo ningelihoji zaidi.

Jaribuni nyumbani kwa vikaratasi, mkihesabu jumla kila duru.